Tathmini ya fuwele za CrSBr: nusu-kipitishi chembamba kinachotii sumaku

Kwa yeyote anayetaka kuzitawala tabia za kielektroniki za nusu-kipitishi chembamba (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi, kama silikoni) kwa kutumia sumaku, fuwele za CrSBr ndizo bidhaa ninayoipendekeza kwanza, na naipendekeza bila kusita. Kampaundi hii ya kromi, salfa na bromini si ngeni: taarifa kuhusu usumaku wake ilichapishwa mwaka 1990, miaka mingi kabla wanafizikia Geim na Novoselov hawajaonyesha, mwaka 2004, kwamba tabaka moja la atomu laweza kubanduliwa kwa selotepu. Zilizonunuliwa na maabara yetu zilikuja katika kichupa cha kioo kilichofungwa barabara, zikiwa nyeusi, zenye kung'aa na zenye umbo la utepe mrefu, na nyingi zilikuwa kubwa vya kutosha kushikwa kwa kibano bila kuvunjika.

Thamani ya fuwele hizi haionekani mpaka zilinganishwe na zile zilizozoeleka. Katika tabaka moja la MoS2 au WSe2, ambazo nazo ni nusu-kipitishi, uga sumaku wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga sumaku) huitenganisha mistari miwili ya mwanga, yaani nishati mbili za mwanga wa fuwele, kwa takriban mili-elektronivolti 0.2 tu (kipimo kidogo cha nishati), na ndiyo maana waliofanya vipimo hivyo walilazimika kutumia sumaku kubwa na za gharama. Mwaka 2017 watafiti waliilaza WSe2 juu ya CrI3, ambayo ni sumaku yenyewe, wakapata mtengano ambao bila CrI3 ungehitaji uga wa takriban tesla 13. Hiyo ilikuwa hatua kubwa sana. Hata hivyo, tabaka moja la CrI3 hupoteza usumaku wake likipita kelvini 45 (takriban nyuzi 228 chini ya sifuri za Selsiasi), na vipande vyake vyembamba huharibika ndani ya dakika chache vikiachwa hewani, kwa hiyo kila kazi hufanyika ndani ya kisanduku kilichojazwa gesi tulivu, mikono ikiwa ndani ya glavu nene.

CrSBr huiondoa haja ya kuunganisha vitu viwili, kwa sababu usumaku na unusu-kipitishi vimo katika fuwele ileile. Ndani ya kila tabaka, lenye unene wa takriban nanomita 0.8, spini za atomu za kromi, yaani usumaku mdogo wa elektroni zake, zote huelekea upande mmoja, ilhali tabaka linalofuata huelekea upande wa pili. Elektroni iliyomo katika tabaka moja haiwezi kuhamia kwa urahisi katika tabaka jirani, kwa kuwa huko spini yake haikubaliki katika kiwango kilekile cha nishati, na hivyo hubaki imefungiwa mahali pake, kama mpangaji ambaye ufunguo wake haufungui mlango wa jirani. Uga sumaku wa nje ukizilazimisha tabaka zote zielekee upande mmoja, kizuizi hicho huondoka, elektroni husambaa katika tabaka zaidi ya moja, na nishati ya eksitoni, yaani jozi ya elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni), hushuka. Atomu hazijasogea wala kemia haijabadilika, na bado nusu-kipitishi kimepata tabia nyingine ya kielektroniki, ambayo hurudi ilivyokuwa pindi uga unapoondolewa. Sijui bidhaa nyingine inayoonyesha jambo hili kwa uwazi kiasi hiki.

Kuzibandua ni kazi nyepesi. Selotepu ya kawaida hutoa vipande virefu vyenye kingo zilizonyooka, na vikishabandikwa juu ya bamba la silikoni lenye oksidi, hadubini ya kawaida hutosha kutofautisha tabaka mbili na tatu kwa kukolea kwa rangi. Urefu wa kipande hufuata mhimili a wa fuwele (a na b zimelala ndani ya tabaka, na c inasimama wima juu yake), jambo ambalo hurahisisha sana upangaji wa sampuli, kwa maana mtu huijua mielekeo ya fuwele kwa kuitazama tu. Vipande hivi huvumilia hewa kwa namna ambayo CrI3 haiwezi, na hilo pekee limewaondolea wanafunzi wetu sehemu kubwa ya mashaka ya kazi hii.

Kwenye vipimo vya mwanga, nashauri kipande chenye tabaka mbili kiwekwe kando ya chenye tabaka moja. Sampuli ikipozwa na kumulikwa kwa leza, mstari wa eksitoni hutokea karibu na elektronivolti 1.36, sawa na urefu wa wimbi wa takriban nanomita 910, ambako kamera za silikoni zinaanza kupungukiwa na uwezo wa kuona, hivyo muda wa kupiga picha uongezwe. Kichujio cha upolaji, kinachopitisha mwanga unaotetemeka katika mwelekeo mmoja tu, nacho kigeuzwe mpaka kiwe sambamba na mhimili b, kwa kuwa kikifuata urefu wa kipande mwanga karibu wote hupotea, na anayefanya kipimo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani sampuli imekufa. Uga ukiongezwa polepole kwenye mhimili b, kwa muda hakuna kinachotokea, kisha mstari huruka ghafla kuelekea nishati ya chini, kabla ya kufika tesla 1. Kwenye mhimili c husogea taratibu hadi karibu na tesla 2. Badiliko zima ni la mili-elektronivolti 10 hadi 20, ambalo hata spektromita ya kiasi huliona bila taabu. Tabaka moja lililo kando halisogei, kwa kuwa halina jirani wa kubadilishana naye elektroni, na kwa mwalimu huo ni uthibitisho bora kuliko mchoro wowote ubaoni.

Kasoro kubwa ni joto. Mpangilio wa kisumaku huvunjika kwenye takriban kelvini 132, kwa hiyo kifaa cha kufanya kazi katika joto la kawaida la chumba hakitengenezeki kwa fuwele hizi. Kwa maabara isiyo na heliamu ya kupozea sampuli, hata hivyo, kiwango hicho ni neema, kwa sababu nitrojeni kimiminika huchemka kwenye kelvini 77 na hutosha kabisa.

Ukinzani wa umeme nao hushuka uga unapozipanga tabaka upande mmoja, ingawa hapa sina uhakika wa kuahidi matokeo yanayofanana kutoka fungu moja la fuwele hadi jingine. Dosari ndani ya fuwele huchangia elektroni za ziada na huathiri upitishaji, hasa katika baridi kali, na fungu letu la pili lilipitisha umeme tofauti na la kwanza ilhali mistari ya mwanga ililingana. Karatasi iliyoambatanishwa na muuzaji ilitaja usafi wa malighafi tu, bila neno kuhusu joto la ukuzaji wala vipimo vya ukinzani. Anayenunua kwa ajili ya transista aombe taarifa hizo kwa maandishi kabla ya kulipa, na aombe fuwele zote zitoke katika mrija mmoja wa ukuzaji. Anayenunua kwa ajili ya vipimo vya mwanga anaweza kuagiza zilivyo.