Nimeng'oa mota ya valvu ya ekzosi hapa Kampala: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma huku taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi ya pikipiki na mnachotaka kujua ni kama mtoe hela au msitoe. Kama valvu yako ya ekzosi, yaani kile kibati cha ndani ya bomba la moshi kinachozungushwa na mota, bado inazunguka kwa mkono, mota usiiguse. Safisha valvu, ipake grisi inayostahimili joto, rekebisha kebo, endelea na safari. Kama valvu imeganda na haina matumaini, au umeshafunga ekzosi nyingine isiyo na valvu kabisa, hapo unaweza kuing'oa mota. Mimi nilikuwa wa kundi hilo la pili. Kazi niliyofanyiwa nimeridhika nayo, lakini zile nguvu za ajabu nilizoahidiwa na watu wa steji ya bodaboda sijaziona, na sitarajii kuziona.

Pikipiki yangu ni ya Kijapani, silinda nne, cc elfu moja, iliyotumika huko kwao kabla ya kufika kwetu. Siku za kazi naihangaisha kwenye foleni za Kampala, na nikipata likizo naipeleka nyumbani Arua, karibu kilomita 500. Ndiyo maana mambo ya injini kupumua vizuri chini na juu yananihusu yote mawili.

Kwa asiyejua kifaa chenyewe: ndani ya bomba la ekzosi, baada ya mabomba ya silinda kukutana, kuna kibati kinachozunguka kwenye mhimili wake. Kibati hicho ndicho valvu. Juu huku, mara nyingi chini ya kiti au ndani ya mkia, kuna mota ndogo yenye puli, na kutoka kwenye puli zinashuka kebo mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Injini ikiwa na mizunguko midogo, yaani inazunguka polepole, kibati hujibana kiasi. Mizunguko ikipanda, kibati hufunguka chote. Yamaha walianza na mfumo huu miaka ya 1980 wakauita EXUP, Suzuki wakaja na wa kwao wanaouita SET, na Honda waliuweka kwenye CBR929RR ya mwaka 2000 wakiwa wametumia titani. Kazi ni ileile. Bomba lililo wazi muda wote linapendelea mizunguko mikubwa. Kwenye mizunguko midogo mawimbi ya moshi hurudi nyuma kuelekea kwenye silinda na kuvuruga hewa mpya inayoingia. Valvu ikijibana kidogo inayapunguza makali, na pikipiki inavuta vizuri kutoka chini. Kelele nazo zinapungua, jambo ambalo viwanda vinalihitaji ili kupita vipimo vya sheria.

Sasa, mota hii ina tabia ya kujipima. Ukifungua ufunguo kabla hata ya kuwasha injini, unaisikia inazunguka mwisho hadi mwisho, kisha inatulia. Waya mbili ni za kuizungusha, na tatu ni za kuiambia kompyuta ya injini puli imefika wapi. Kompyuta ikiona puli haijafika ilikoagizwa, taa inawaka. Kwenye Yamaha nyingi utaona namba ya kosa 17 au 18, ambapo 17 ni tatizo la mzunguko wa umeme wa kihisi (sensa) cha mota na 18 ni mota kukwama. Kwenye Suzuki GSX-R utaona C46, kosa la mota hiihii. Kwa hiyo ukichomoa plagi tu ukadhani umemaliza, taa inakusubiri.

Yangu ilianza kwa kunguruma. Nafungua ufunguo, mota inajikaza, haifiki mwisho, inakata. Halafu ikawa kimya. Barabarani, pikipiki ilikuwa inakwenda vizuri hadi katikati, lakini nikivuta resi zaidi, pumzi inakata. Valvu ilikuwa imegandia nusu njia. Ukitaka kujua kwa nini, lala chini uitazame mahali ilipo. Iko chini ya injini, njia moja na maji yote yanayotupwa na gurudumu la mbele. Bomba linachemka, unaingia kwenye dimbwi la Ndeeba, linapoa ghafla, na ndani masizi yanajijenga kwenye mhimili. Ongeza na miezi ambayo pikipiki ilikaa bila kuwashwa kabla haijauzwa. Kutu haihitaji mwaliko.

Nilitafuta fundi kwa uangalifu, kwa sababu mafundi wetu wengi wamelelewa na Bajaj Boxer na TVS, na huko hakuna kitu kama hiki. Siyo lawama, Boxer anaifungua na kuifunga akiwa anaongea na simu. Ila ukimpelekea pikipiki yenye kompyuta, wengine watakata waya kwanza wakuulize baadaye. Niliyempata ni kijana wa Koboko, karibu na kwetu, kwa hiyo Kiswahili chetu kilikuwa kimoja. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kushika spana, ni kufungua ufunguo na kuweka sikio mkiani.

"Bosi, hii mota haikufa yenyewe. Imeuawa."

"Imeuawa na nini, fundi?"

"Na valvu huko chini. Nikikuwekea nyingine leo, nayo itazikwa."

Hapo nikajua nimefika. Watu wengi wananunua mota iliyotumika, wanaifunga juu ya valvu iliyoganda, na baada ya muda mfupi wanalalamika kuwa walipewa mota mbovu. Mota inakuwa imeungua kwa kusukuma kitu kisichosogea.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Alitoa waya hasi wa betri kwanza, akavua kiti na plastiki za mkia. Kabla ya kulegeza chochote aliweka alama ya rangi nyeupe kwenye kebo moja, juu na chini, ili ajue ya kufungua ni ipi. Kebo hizi zinafanana kabisa, na aliyezichanganya anaweza kuja kuendesha valvu inayofunga pale inapotakiwa kufungua. Halafu akalegeza nati za kurekebishia kebo kwa spana namba 10, zikapata ulegevu, akazungusha puli kwa bisibisi hadi kile kichwa kidogo cha kebo kikalingana na upenyo wake, kikatoka bila kulazimishwa. Bolti za mota, plagi, imekwisha. Sehemu ya juu haikumchosha.

Chini ndiko alikotoka jasho. Kifuniko cha puli ya valvu kilikuwa kimeshikwa na bolti ambazo vichwa vyake vimeliwa na kutu. Alipuliza mafuta ya kulegeza kutu, akaenda kunywa chai, akarudi akapuliza tena. Bolti moja ilikatika ingawa aliibembeleza, na ikabidi itobolewe. Puli ilipobaki peke yake aliipasha moto kwa gesi, akaishika kwa koleo, na kweli valvu ikazunguka. Nilifurahi, nikamwambia basi tuisafishe tu tuirudishie. Akaniambia nisubiri ipoe. Ilipopoa akanipa koleo niijaribu mwenyewe. Ilikuwa imeshika palepale. Mhimili ulikuwa umeliwa, unacheza ukiwa wa moto na kubana ukiwa wa baridi. Kuirudishia mota ilikuwa kuitafutia kifo kingine.

Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ni kukata kibati chote, kutoa mhimili, na kuziba matundu yake mawili kwa welding ya agoni, kazi ambayo mafundi wa Katwe wanaiweza. Ya pili ni kuifunga valvu ikiwa wazi kabisa ibaki hivyo. Nilichagua ya pili. Matundu yale yasipozibwa sawasawa hewa inaingia, pikipiki inaanza kupiga baruti ukiachia resi, na kama una sensa ya oksijeni inaona hewa ya ziada na kuiambia kompyuta iongeze petroli isiyohitajika. Kibati kilichosimama wazi kinazuia moshi kiasi kidogo sana, hakuna atakayekihisi barabarani. Fundi aliipasha tena, akaizungusha hadi wazi, akaifunga puli kwa waya wa stenlesi na bolti. Msisitizo: hakikisha ni wazi. Nimesikia ya mtu aliyeachiwa yake imefunga nusu, akazunguka mji mzima akitafuta tatizo kwenye pampu ya mafuta.

Kisha eliminata. Hiki ni kiboksi cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kwenye plagi ile ile ya mota, na kazi yake ni kuirudishia kompyuta majibu inayoyategemea, kana kwamba puli inazunguka. Changu kiliagizwa nje kupitia ndugu anayesafiri, na pamoja na usafiri kilinigharimu zaidi kidogo ya shilingi laki mbili na nusu. Hela nyingi kwa kiboksi kile, nakubali. Lakini fundi alinifungulia droo yake akanionyesha vya bei chee vilivyorudishwa na wateja: plagi zinaingia, taa inazima siku mbili tatu, halafu inarudi. Plagi kuingia siyo kigezo. Kila kampuni na kila toleo lina majibu yake, kwa hiyo nunua kilichoandikwa jina la pikipiki yako na mwaka wake. Changu kilizima taa mara ya kwanza, na hadi leo haijarudi, mvua na jua.

Kama valvu huitumii tena lakini mota yako bado nzima, si lazima uing'oe, na eliminata huihitaji. Toa kebo mbili tu, acha mota imechomekwa palepale. Itaendelea kuzunguka hewani kila ukifungua ufunguo, kihisi chake kitasema ukweli kuwa puli imefika, na kompyuta itaridhika. Rafiki yangu mmoja mwenye ekzosi ya michezo anatembea hivyo na hajawahi kuona taa. Bure kabisa. Mafundi wengine hawatakwambia kwa sababu hakuna cha kukuuzia.

Ufundi nililipa elfu themanini, pamoja na ile bolti iliyokatika. Sikubishana.

Barabarani sasa. Nikilinganisha na hali ya valvu iliyoganda, tofauti ni kubwa mno. Niliiona vizuri nikielekea nyumbani, baada ya Luweero barabara inaponyooka kuelekea Kafu na Karuma: pikipiki inapanda hadi juu bila kukatika pumzi, na kupita lori la mizigo hakunipi wasiwasi tena. Lakini hiyo ni kurudi kwenye hali ya kiwanda, siyo kuizidi, kwa sababu valvu nzima nayo huko juu huwa wazi. Uzito uliopungua haufiki hata kilo moja, na mafuta ninayojaza ni yaleyale.

Gharama ya kweli iko mjini. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa imeshapungua kidogo, na mji wenyewe ni vilima. Nikiondoka kwenye taa za Wandegeya kupanda kuelekea Makerere kwa mwendo wa foleni, nahisi pikipiki ni dhaifu chini kuliko ilivyokuwa valvu ikifanya kazi. Natumia klachi zaidi, nashuka gia mapema. Siyo kitu cha kukukosesha usingizi, ila kipo, na anayekwambia hakuna tofauti ama hajawahi kuendesha yenye valvu nzima ama anakuuzia eliminata. Mlio nao umekuwa mzito ikiwa imesimama inanguruma. Mimi naupenda. Askari wa geti letu ana maoni mengine, na anayatoa kila alfajiri.

Mvua zinapoanza angalia mambo mawili: plagi ya eliminata, ambayo nimeizungushia tepu ya umeme na kuifunga juu mbali na maji ya gurudumu, na ule waya wa stenlesi huko chini, kwa sababu joto na mtikisiko vinalegeza chochote. Mota iliyoungua fundi aliichukua. Kebo zangu bado nzima na ninazo nyumbani. Mwenye pikipiki ya namna hii ambaye valvu yake bado inazunguka aseme, nitamwachia kwa bei ya chai.