Waya wa pili wa mlingoti: bamba chini ya sitaha au fimbo ya chuma?
Ukiongeza kwenye mashua ya tanga waya wa pili wa mbele kushikilia mlingoti, tatizo huwa si waya bali sitaha, yaani sakafu ya juu ya chombo, ambako waya hufungwa: inavutwa juu kwa nguvu, na mara nyingi haikuundwa kwa kazi hiyo.

Bamba la chuma chini yake, lililofungwa kwa bolti, hutawanya mzigo. Kazi ni nyepesi, ila sitaha ndiyo bado inabeba. Kama ni faibaglasi yenye mbao laini katikati, itabenuka, nyufa zizunguke bolti, maji yapenye, mbao ioze usiione.

Fimbo inayoshuka kutoka sitahani hadi kwenye taruma (mbavu za chombo) au kiwambo (ukuta wa ndani) imara huupeleka mvuto kwenye mwili wa chombo. Inakula nafasi chumbani, kweli. Lakini kwa waya utakaobeba tanga la dhoruba, lile dogo la upepo mkali, nachagua fimbo.