Uzoefu wangu na programu ya kutabiri mawimbi: acha nyota, soma sekunde

Nimeitumia programu hii kwa miezi kumi na minne, karibu kila siku, na miezi sita ya mwanzo niliitumia kama wengi wanavyoitumia: nafungua simu alfajiri, nahesabu nyota, naamua niende majini kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao au nirudi kulala. Naandika kwa sababu nimeona watu wakiifuta wakisema ni ya uongo. Mimi siifuti, na nitaeleza kwa nini.

Kila ufukwe una ukurasa wake. Juu kabisa kuna nyota, moja hadi tano. Chini yake kuna jedwali la kila saa tatu: kimo cha mawimbi kwa mita, sekunde, upande yanakotoka kwa digrii za dira, upepo, kisha saa za maji kujaa na kupwa. Nyota zimewekwa kubwa na zina rangi. Sekunde zimeandikwa kwa maandishi madogo ya kijivu, na hapo ndipo tatizo la programu nzima lilipo.

Jumamosi moja ukurasa ulionyesha nyota nne. Mita 2, sekunde 7. Niliona "mita 2" nikafunga ubao juu ya gari. Nilipofika, bahari ilikuwa inachemka. Wimbi moja halijamaliza kuvunjika, jingine liko juu yake, la tatu linatoka pembeni. Nilipiga kasia kwa mikono karibu nusu saa bila kulivuka povu, na mwishowe ubao ulinichomoka, ukarudi na wimbi na kunigonga begani. Nilitoka bila kuteleza hata mara moja.

Wiki iliyofuata, nyota moja. Mita 1.2, sekunde 16. Nisingeenda kama mwenzangu asingenipitia. Tulisimama mchangani, maji yametulia kama ya bwawa. Dakika tano, dakika kumi, hakuna kitu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, turudi tu." Akasema nisubiri. Kisha mbali kabisa, pale maji yanapokutana na anga, ukatokea mstari mweusi mmoja, nyuma yake wa pili, nyuma yake wa tatu, yote imenyooka kama imepigwa rula. Wimbi la kwanza lilipoukaribia mwamba liliinuka taratibu mpaka likapita kimo changu, likavunjika kuanzia upande mmoja kwenda mwingine bila haraka. Yalikuja matano, bahari ikatulia tena kwa robo saa nzima. Asubuhi ile niliteleza mara saba, na kila moja naikumbuka mpaka leo.

Niliporudi nyumbani nilifungua jedwali upya na kuanza kujifunza maana ya zile sekunde. Ni muda unaopita kati ya kilele cha wimbi moja na cha linalofuata. Wimbi la sekunde 7 likiwa kwenye kina kirefu lina urefu wa mita 76 hivi toka kilele hadi kilele. La sekunde 16 lina karibu mita 400. Na wimbi huanza kuigusa sakafu ya bahari pale kina kinapofika nusu ya urefu wake: la kwanza kwenye mita 38, la pili kwenye mita 200. Kwa hiyo hilo refu linaanza kupunguza mwendo mapema, linajikusanya, linainuka. Ndiyo maana mita 1.2 iliyoandikwa kwenye simu ilinifika ufukweni ikiwa inakaribia mita 2, wakati ile mita 2 ya Jumamosi ilibaki vilevile au kuzidi kidogo tu, tena imevurugika.

Kuvurugika nako kuna sababu. Mawimbi ya sekunde chache huwa yamezaliwa karibu, na upepo wa jana au wa leo, na bado hayajapata nafasi ya kujipanga. Yale ya sekunde nyingi yametoka kwenye dhoruba ya mbali sana. Njiani hujichuja: marefu hutangulia, mafupi hubaki nyuma. Kundi la mawimbi ya sekunde 16 husafiri kama kilomita 45 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku. Dhoruba iliyopiga kilomita 4,000 kutoka hapa itaniletea mawimbi baada ya siku nne, nami nitakuwa nimesimama kwenye jua kali bila wingu hata moja.

Hili ndilo linalofanya utabiri uwezekane. Wenye kazi hiyo waliianza kwa dhati wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale wanasayansi wa bahari Harald Sverdrup na Walter Munk wa Taasisi ya Scripps, Marekani, walipobuni njia ya kukisia mawimbi ya ufukweni kutokana na ramani za upepo, njia iliyotumika hadi kutua kwa majeshi Normandy mwaka 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake waliweka vituo kukatiza Bahari ya Pasifiki na kuyafuata mawimbi ya dhoruba za karibu na Antaktika mpaka Alaska. Leo kompyuta zinafanya hesabu hiyo kwa dunia nzima. Modeli ya WAVEWATCH III ya NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na hali ya hewa, huendeshwa mara nne kwa siku na matokeo yake yako wazi kwa yeyote, na programu nyingi za simu huanzia kwenye data ya aina hiyo.

Sasa, mabaya ya programu. Nyota, nimeshasema. Anayezipanga amekipa kimo uzito mno, na ufukwe wangu haujui hata kidogo. Ufukwe wangu umekaa kati ya rasi na kisiwa kidogo, na mawimbi hupita vizuri yakitoka kati ya digrii 190 na 220 tu. Yakitoka digrii 240, kisiwa kinayakinga, na programu inaendelea kunipa nyota nne kama kawaida. Modeli ya dunia nzima huigawa bahari katika miraba mikubwa, na kisiwa cha kilomita mbili ndani ya mraba kama huo ni kama hakipo. Nilijichorea ile nafasi ya digrii kwenye karatasi nikaibandika ukutani, na karatasi hiyo imenisaidia kuliko nyota zote.

Upepo ni udhaifu wa pili. Utabiri unasema upepo mwepesi kutoka nchi kavu hadi saa sita mchana, lakini nchi kavu ikishapata joto hewa yake inapanda, na ile ya baharini inaingia kuziba nafasi. Kwangu huanza saa nne asubuhi, siku nyingine kabla. Dakika ishirini zinatosha kuyageuza mawimbi ya kioo kuwa makunyanzi. Modeli kubwa haioni vizuri jambo dogo kama hilo la pwani, kwa hiyo mimi huingia majini kunapopambazuka, haijalishi jedwali linasema nini.

Halafu kuna saa za maji kujaa. Zinatolewa kwenye bandari ya mbali, na kwetu zinachelewa dakika arobaini. Ufukwe wenye mwamba chini hauvumilii kosa hilo, hasa siku za bamvua, kwani maji yakishapwa mno ni mwamba mtupu. Niliwaandikia wahusika mara mbili nikiwa na vipimo vyangu vya mwezi mzima. Jibu lilikuwa la shukrani, na saa hazijabadilika. Hili linaniuma, maana mgeni anayeteleza hapa kwa mara ya kwanza anaziamini.

Jambo jingine ambalo ukurasa haulielezi: kimo wanachoandika ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Ndani ya saa chache linaweza kuja moja linalokaribia mara mbili ya hapo. Ukisoma mita 2, jiandae kuliona la mita 3 na nusu. Programu ingeliweka sentensi moja tu pembeni, ingetosha.

Kinachonifanya niendelee kulipia ni ukurasa wa boya. Boya la kupimia liko mbali na pwani, linatuma kimo, sekunde na upande halisi kila baada ya muda mfupi. Huo si utabiri tena, ni kilichopo. Nilijifunza kulitazama usiku. Kimo kinaweza kubaki nusu mita tu, ila sekunde zinaruka ghafla kutoka 9 hadi 17. Macho ambayo hayajazoea hayaoni kitu hapo. Hao ni watangulizi, mawimbi marefu yaliyoyaacha mengine nyuma, na kundi lenyewe liko njiani. Nikiona hivyo najua kesho au keshokutwa kuna kazi.

Kwa utabiri wenyewe, siku tatu za kwanza naziamini kiasi cha kupanga ruhusa kazini. Kuanzia siku ya saba nauchukua kama fununu, kwa sababu dhoruba yenyewe mara nyingi bado haijazaliwa, ipo ndani ya kompyuta tu. Nimeona mita 3 za siku ya kumi zikiyeyuka hadi sifuri, na mimi nikiwa nimeshaahirisha safari kwa ajili yake. Siku hizi nangoja matokeo manne mfululizo ya modeli yakubaliane kabla sijamwambia mtu.

Saa tatu hii ya usiku boya linasoma nusu mita, sekunde 18, digrii 205. Jedwali la kesho linaonyesha nyota moja. Nimeshabadilisha kamba ya ubao na kumtumia mwenzangu ujumbe: saa kumi na moja alfajiri, pale pale.