Jiko la presha la umeme la lita 6 kwa nyumba ya wastaafu wawili: uzoefu wangu

Nimelitumia jiko hili miezi 14, karibu kila siku, kwa chakula cha watu wawili, na wajukuu mwisho wa juma. Ni la lita 6, wati 1000, lina kitufe cha kukaanga, cha kupika kwa presha na cha kutunza chakula kikiwa moto. Alama yangu ni nyota nne kati ya tano. Naandika hasa kwa wastaafu wenzangu wanaoangalia vipindi vya mapishi asubuhi na mchana wakatamani kula walichokiona, bila kusimama jikoni kwa saa mbili.

La kwanza kujua: dakika unazobonyeza si dakika zote. Ukiweka 25, jiko huchukua kwanza dakika 8 hadi 15 kupandisha presha, ndipo lianze kuhesabu. Baadaye mvuke unataka dakika nyingine 10 hadi 15 ushuke wenyewe. Kwa hiyo maharage ya dakika 25 yanafika mezani baada ya dakika 50 hivi. Vipindi vingi huruka hapo: mpishi anafunga kifuniko, picha inakatwa, anafungua. Aliyepanga kula saa saba na vidonge vyake vya mchana anabaki kungoja mvuke.

La pili ni maji, na hapa ndipo mapishi ya kwenye televisheni yanapoharibika. Mpishi wa kipindi anatumia sufuria ya kawaida, na sehemu kubwa ya maji inapaa hewani. Ndani ya jiko la presha karibu hakuna kinachopotea. Ukifuata vipimo vyake vya vikombe vitatu na nusu vya maji kwa vikombe viwili vya mchele, utapata bokoboko. Wali wa jiko hili ni kikombe kwa kikombe, mchele ukiwa umelowekwa dakika 20 na kuchujwa vizuri.

Pilau ninayopika mara kwa mara: mchele vikombe 2 vya mililita 250, nyama nusu kilo, vitunguu maji 2 vikubwa, viazi 3, kijiko kimoja cha kulia cha kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kijiko kimoja cha kulia cha bizari nyembamba, karafuu 6, hiliki 5, kijiti cha mdalasini na pilipili manga nzima kama 10. Bonyeza kukaanga, mimina mafuta vijiko vitatu, tia vitunguu na uvikaange dakika 10 hadi 12. Usivitoe vikiwa vya dhahabu. Rangi ya pilau inatoka hapa, kwenye kitunguu kilichofika kahawia ya maganda ya tende, si kwenye bizari. Tia viungo, koroga dakika moja tu, kisha nyama na chumvi nusu ya uliyozoea. Mimina vikombe viwili vya maji na ukwangue chini kwa mwiko wa mbao mpaka usikie chini pamekuwa laini. Usipokwangua, mabaki ya kitunguu yaliyoganda yanashika joto, jiko linadhani linaungua na linajizima likiandika kosa. Presha dakika 20, acha itulie 10. Toa nyama, pima supu, iongeze au ipunguze ifike vikombe viwili kamili. Rudisha vyote pamoja na mchele na viazi, presha dakika 5, kisha usiguse kitu dakika 10. Ukiachia mvuke kwa haraka, supu inachemka ghafla ndani, mchele unakatika, na maji ya wanga yanaruka kupitia kwenye valvu ya kutolea mvuke na kuiziba.

Tui zito lisiingie kwenye presha hata siku moja, kwa kuwa linakatika na kuacha mafuta juu na chenga chini. Maharage ya nazi nayapika kwa maji matupu: nusu kilo iliyolala kwenye maji usiku kucha, vikombe vitano vya maji, dakika 25. Yasiyolowekwa yanataka 45 hadi 50. Nyanya na ndimu vinasubiri mpaka yaive, maana uchachu unafanya ganda ligome. Halafu fungua, bonyeza kukaanga, tia nyanya ziive, mwisho tui, na uendelee kukoroga dakika 5. Kama maharage yamegoma hata baada ya saa nzima, kosa si la jiko. Ni mavuno ya zamani yaliyokaa ghalani, badilisha muuzaji.

Kwa meno yetu jiko hili ni neema. Makande ya mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa pamoja na maharage, dakika 50. Pweza wa kilo moja, kikombe kimoja cha maji bila chumvi, dakika 15, anakatika kwa uma. Chumvi naonja mwishoni, na ninatumia pungufu kuliko zamani. Ugali usijaribu, chapati ndiyo kabisa. Na usijaze kupita theluthi mbili. Kwa maharage usivuke nusu, kwa sababu yanavimba na kutoa povu.

Muda wa kungoja ndio unaonipendeza zaidi, maana mikono iko huru na zilipendwa zinapata nafasi. Redio yangu ya kuchomeka flashi iko meza ya kulia, mita mbili kutoka kwenye jiko, kwa kuwa spika ikipigwa mvuke kila siku inaanza kukwaruza. Nyimbo nyingi za enzi hizo zilirekodiwa kwa mono, yaani sauti isiyogawanywa kushoto na kulia, kwa hiyo spika moja nzuri inatosha. Sabufa kubwa inavimbisha besi na kufunika magitaa na sauti ya mwimbaji, na hivyo viwili ndivyo tunavyovifuata. Flashi iwe ya GB 32 au chini, iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili), redio nyingi za bei nafuu hazisomi mfumo mwingine. Wimbo wa 128 kbps (kiasi cha data kwa sekunde) hula takriban MB 1 kwa dakika, hivyo GB 16 zinabeba zaidi ya saa 200. Nakili nyimbo moja moja kwa mpangilio unaoutaka, kwa sababu redio nyingi za namna hii hupiga kwa mfuatano wa kunakili, si wa herufi.

Zangu nimezipanga kwa vyakula. Nyimbo za santuri ndogo, za bendi kama Kilwa Jazz au Western Jazz, zina dakika tatu hadi nne kila upande: tatu zikiisha, kitunguu kimefika. Za Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza 1978, nyingi zinavuka dakika saba, kwa kuwa zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na hazikubanwa na upande wa santuri. Zinaanza taratibu na mashairi, kisha linaingia chemko, sehemu ya kasi ya kucheza, magitaa na matarumbeta yakipokezana. Nne zikiisha, dakika za maharage zimetimia, ukihesabu kuanzia pini ya presha, ile ndogo ya kwenye kifuniko, inapopanda.

Umeme: kwa mita ya LUKU, nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa inakula karibu uniti 0.4. Kwa anayelipa shilingi 356 kwa uniti, ni kama shilingi 140. Chomeka ukutani. Jiko linavuta zaidi ya ampea 4 mfululizo, na ekstensheni za waya mwembamba zinapata moto mpaka plagi inalainika. Umeme ukikatika katikati, usifungue. Joto lililomo linaendelea kupika dakika 10 hadi 15, kisha ukirudi unaanzisha upya kwa dakika zilizobaki, kwani langu halikumbuki lilipoishia.

Nyota iliyopotea ni kwa mambo mawili. Maandishi ya vitufe ni madogo na ya Kiingereza. Nimebandika utepe mwekundu kwenye kitufe cha kuzima na wa kijani kwenye cha presha, sasa hata bila miwani tunaelewana. La pili ni mpira wa kifuniko. Unashika harufu ya viungo, na viazi vitamu vya nazi vilivyopikwa baada ya pilau vinanukia karafuu. Unataka mipira miwili, mmoja wa vyakula vya viungo, mwingine wa vitamu. Duka moja liliniuzia wa sentimita 24, kifuniko kikavuja mvuke pembeni na presha isipande kabisa. Langu linachukua wa 22, kwa hiyo pima kipenyo cha ndani cha mpira wa zamani kabla ya kutoka nyumbani. Kila jioni uvue, uoshe kwa sabuni, uuache ukauke nje ya kifuniko, na upitishe mswaki wa zamani kwenye tundu la pini ya presha, hasa siku uliyopika wali.