Spika za ndani ya helmeti: miezi minne nazo barabarani

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Mbezi Mwisho. Hizi spika bapa za Bluetooth, zile za kubandika ndani ya helmeti, nilizinunua Kariakoo. Muuzaji alianzia 45,000, tukamalizana kwa 38,000.

Wiki ya kwanza nilijuta. Mitaani sauti safi, lakini nikishika Morogoro Road na kufika spidi 70 hivi, upepo unameza kila kitu. Naongeza mpaka mwisho, mtangazaji bado kama anaongelea ndani ya ndoo. Kumbe kosa langu: nilizibandika chini sana, usawa wa shavu. Nikachomoa sponji, nikazipandisha kama sentimita 2 mpaka zikatazamana na tundu la sikio. Spika zilezile, simu ileile, ila sasa hata ngoma za chini nazisikia.

Redio ilinisumbua zaidi. FM ya simu yangu hutumia waya wa earphone kama antena. Usipochomeka, haikamati kitu, hata kama sauti unaitolea kwenye Bluetooth. Nimekata earphone mbovu, waya wake nauacha umechomekwa, umelala mfukoni mwa koti. Nikiwa na mzigo wa Chalinze na stesheni imeanza kukwaruza, nahamia intaneti: matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde yanakula kama MB 29 kwa saa. Kwa bando langu, hiyo ni anasa ya Jumapili.

Siku moja nasikiliza mpira, abiria akasema nimshushe kwenye mwembe. Sikusikia. Kituo cha mbele akanipiga bega: "Kaka, unanipeleka wapi?" Nikamrudisha bure. Tangu hapo nikibeba mtu nazima, na nikiwa peke yangu naacha spika ya kushoto tu, maana wanaonipita wanakuja upande wa kulia na honi ya lori nataka kuisikia mapema.

Chaji inanitosha siku tatu. Simu sipokei nikiwa kwenye mwendo; maiki inamsikilizisha mwenzako upepo mtupu. Mvua imezikuta mara mbili, kitufe cha kuongeza sauti kikafa. Nilipomrudia muuzaji kuuliza garantii, akanijibu, "Garantii ni kuwaka, na iliwaka."

Ile ya kulia nimeiweka droo. Anayeitaka anione kijiweni, tutaelewana.