Fundi kanitolea paswedi ya bayosi, nampa nyota nne

Jamani nilisahau paswedi ya bayosi (BIOS, programu ya kwanza kuamka ukiwasha kompyuta), paswedi niliyoweka mwenyewe siku nilipojiona mjanja, kompyuta ikiwaka inadai paswedi hata kabla ya Windows, nikikosea mara tatu inagoma mpaka niizime. Nikafungua kava nikatoa ile betri ya duara CR2032 nikaiacha nje usiku kucha, asubuhi narudisha, wapi! Saa na tarehe zimepotea ila paswedi iko palepale.

Nikampelekea fundi. Kwanza akadai risiti ajue mashine ni yangu kweli, na hapo ndo nikamkubali, maana hata mwizi angekuja na hadithi kama yangu. Akanielewesha kwamba kwenye mashine nyingi za siku hizi paswedi haitegemei betri, inakaa kwenye chipu isiyosahau hata umeme ukikatika, kwa hiyo betri utatoa mpaka uchoke. Akachomoa waya wa umeme, akabonyeza swichi ya kuwashia ili kumaliza chaji iliyobaki, akatafuta kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, pini zilizoandikwa PSWD, akatoa kajampa kake, yaani kale kakofia kanakounganisha pini, akawasha, paswedi kwisha, akazima akakarudisha. Dakika kumi haziishi.

Nyota moja namkata sababu hakunitahadharisha kuhusu BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga data za diski na unaoweza kushtuka bayosi ikiguswa, nimefika nyumbani Windows inataka ile namba ya kufungulia ya tarakimu 48, jasho likanitoka, bahati nzuri nikaikuta kwenye akaunti yangu ya Microsoft.