Uzoefu wangu: matatu ya kukodi kutoka Nakuru hadi Kasarani, siku ya kuapishwa rais 2022

Naandika hii kwa sababu watu wameshaanza kupiga hesabu za 2027 na kila familia iko na mtu mmoja anayesema safari hii lazima twende tuone kwa macho. Sisi tulienda ile ya Jumanne 13 Septemba 2022, watu kumi na mmoja kutoka Nakuru, tukakodi matatu ya viti 14 kwa kampuni ndogo ya hapa mjini ambayo sitaitaja kwa sababu kuna mahali walinikosea na dere wao ndiye aliwaokoa. Bei ilikuwa 16,000 siku mbili, mafuta ndani, chakula na malazi ya dere juu yetu, nusu unatuma kwa M-Pesa ukibuku na nusu mkirudi. Uwanjani Kasarani, Nairobi, hatukuingia. Na hiyo pesa siijutii hata shilingi moja, nitaeleza.

Aliyetaka safari ni baba mkwe. Yeye alikuwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002 Kibaki akiapishwa kwa kiti cha magurudumu baada ya ile ajali ya kampeni, na tangu hapo ukimtajia sherehe yoyote anakurudisha Uhuru Park. Kibaki alipofariki Aprili 2022 mzee akaanza kusema anataka wajukuu nao wawe na siku yao ya kuja kuhadithia. Ana miaka 74 na goti moja limechoka. Sasa mzee kama huyo utamwambiaje abaki nyumbani?

Kuhusu tarehe, usingoje kutangaziwa ndio uanze kutafuta gari. Katiba yenyewe imeshapanga, kifungu cha 141. Kama hakuna kesi ya kupinga matokeo, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe, na kama kuna kesi ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu Mahakama ya Juu itoe uamuzi wa kuyathibitisha matokeo. Mwaka ule uamuzi ulisomwa Jumatatu tarehe 5, ukihesabu siku saba unafika tarehe 12, Jumanne yake ni tarehe 13, basi. Mimi nilipiga simu jioni ile ile ya tarehe 5 na nikapata gari kwa bei ya kawaida, shemeji yangu alingoja hadi Ijumaa akitafutia jamaa zake gari wakamwambia 25,000 na mafuta ni yake.

Kitu kingine sheria inasema ni kwamba kiapo ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Hiyo ndiyo ningeomba kila mzazi aitafakari, kwa sababu milango Kasarani ilifunguliwa alfajiri na kabla ya saa kumi na moja uwanja ulikuwa ushajaa, na huo ni uwanja wa watu 60,000. Kwa hivyo mtoto anayeingia saa kumi alfajiri anakaa masaa nane au zaidi kabla ya kuona kile mlichokuja kuona, na ndani kutoka kwenda choo ni kupoteza kiti. Mimi nilikuwa na wa miaka minne.

Sasa gari. Waliponibukia walisema kwa mdomo mpana "mama tutawafikisha mpaka getini", na mimi hiyo sentensi ndiyo ilinifanya nilipe. Haikuwa kweli na walijua si kweli, siku kama hiyo polisi hawaachi matatu isogee karibu na geti la uwanja. Dere alipokuja kutuchukua Jumatatu saa nane mchana nikamuuliza, akazima redio akaniambia, "Mama nisikudanganye, getini sitafika, lakini nitawaweka mahali mnatembea na mkirudi mtanikuta hapo hapo hata kama ni saa ngapi." Kijana wa miaka thelathini hivi, mpole. Nilikasirika na ofisi yao lakini nikamwamini yeye, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu.

Gari yenyewe ilikuwa safi, mikanda yote inafunga isipokuwa kile kiti cha nyuma kushoto, hapo tukaweka mizigo. Barabara alijua. Hakupita Westlands kabisa, alikata Limuru akashukia Banana hadi Ruaka, akashika Northern Bypass tukatokea Kahawa West na tukateremka na Kamiti Road mpaka Zimmerman kwa wifi yangu, saa moja jioni tuko mezani. Kulala karibu ndiyo siri yenyewe, kama huna mtu Zimmerman au Githurai au Roysambu bora utafute chumba huko kuliko kutoka Nakuru usiku wa manane na watoto.

Usiku ule tuligawana. Nyanya, mimi, na watoto wadogo tunabaki kwa wifi, baba watoto, mzee, kijana wetu mkubwa wa miaka 12 na binamu wawili ndio waende. Kila mtu akaandikwa namba mbili za simu mkononi kwa biro, ya baba na ya dere, hata mzee akanyoosha mkono akaandikwa. Baba watoto akaweka sharti moja mbele ya wote: ikifika saa kumi na moja kama hatujalishika geti tunarudi kwa gari, hakuna mjadala. Mzee akanyamaza kidogo, akakubali. Saa tisa unusu mimi nikabadilisha mawazo nikavaa sweta nikaenda nao, watoto nikamwachia nyanya, sikuweza kulala nikijua wako huko.

Dere alituacha petroli stesheni moja upande wa Roysambu, akageuza gari kabisa ikaangalia Kamiti Road, akasema nimeigeuza hivi ili tukitoka tusihangaike. Tukapanda daraja la miguu la Thika Road. Ilikuwa baridi ya Septemba na giza bado, lakini chini yetu barabara ilikuwa imejaa watu kama mchana, vuvuzela, bendera, nduthi zinapita katikati, watu wanaimba. Kusema kweli ilikuwa raha. Mzee alisimama pale juu ya daraja akashika chuma cha pembeni na kutazama tu.

Raha iliisha tulipokaribia uwanja. Kuna mahali watu wanaacha kutembea wanaanza kusukumana na wewe huoni ni wapi hasa, unashtukia tu mkono wako umebanwa na huwezi kuuinua. Mbele kuna mtu anapiga kelele fungua, nyuma wanasukuma kwa sababu hawaoni kwamba mbele pamefungwa. Mama mmoja aliinua mtoto juu ya kichwa akampitisha kwa mikono ya watu asiowajua mpaka pembeni. Kijana wangu alikuwa amenishika leso kiunoni na nikasikia ile leso inavutika inavutika halafu ikaachia, nikageuka simwoni, na hapo ndipo roho ilinitoka. Binamu yake alikuwa amemshika kola. Dakika moja hivi, labda hata haikufika, lakini bado naiona.

Saa ilikuwa kumi na moja kasoro. Baba watoto akasema turudi. Mimi niliyekuwa naogopa zaidi ya wote ndiye nilisema tungoje kidogo labda watafungua, sijui kwa nini, nadhani ni kwa sababu ya mzee. Mzee ndiye aliyegeuka kwanza. Alinishika bega akasema, "Twende mama, nimewaona watu, inatosha." Baadaye mchana tukasikia kwamba watu walivunja ua wakilazimisha kuingia na makumi waliumia.

Na dere alikuwa pale pale. Gari bado inaangalia Kamiti Road, taa ya ndani inawaka, amenunua chai ya chupa kwa mama mmoja wa barabarani. Kumpigia ilikuwa haiwezekani, netiweki ilikuwa imelala kabisa, tungemtegemea kwa simu tungezunguka mpaka jua lichomoze. Kama kuna kitu kimoja nilinunua kwa ile 16,000 ni hicho, mtu aliyesema atakuwa mahali fulani akawa hapo.

Mzee akakataa kurudi kwa wifi. Akasema akae karibu asikie. Basi kulipopambazuka dere akaenda akaleta nyanya na watoto, akarudi pale pale, akawasha ile skrini ya matatu akashika matangazo ya moja kwa moja. Tukaketi humo kumi na mmoja na dere wetu, mlango umefunguliwa, na kidogo kidogo watu wa petroli stesheni wakaanza kusimama mlangoni nao waone. Tulikula viazi vitamu na njugu. Watoto wakienda choo ni hatua ishirini na wanarudi. Kiapo kilipofika, ilikuwa imepita saa sita, Msajili Mkuu wa Mahakama Anne Amadi anasoma na Ruto anafuatisha mbele ya Jaji Mkuu Martha Koome, kelele za uwanjani tukazisikia kwa dirisha na zile zile kwa spika. Mzee alivua kofia akaiweka magotini. Wa miaka minne alikuwa amelala kwa mapaja ya nyanya.

Kurudi sina mengi, tulingoja watu wapungue, tukatoka saa kumi jioni na usiku tuko Nakuru. Ile nusu nyingine nikatuma, na ofisi wakajaribu kuniongezea elfu mbili ya "kungoja", nikawakatalia kwa sababu tulikubaliana siku mbili gari iko nasi. Kwa hivyo andikishana kila kitu hata kama ni kwa meseji, hasa neno mafuta. Kesho yake usiku EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, walipandisha petroli Nairobi kutoka 159.12 hadi 179.30, na wale walioambiwa "mafuta tutaongea" waliongea kweli kweli.

Nyota: gari nne kwa tano, ofisi mbili, dere tano. Namba yake ninayo na nimeshamwambia kuhusu 2027, nikampa na masharti: tunashuka Zimmerman Jumapili sio Jumatatu, asituambie habari ya geti, na skrini aifanyie sevisi mapema kwa sababu mzee ameshauliza ataketi kiti gani.